Bi Si-Lazima na Swali la Thelathini na Saba

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mhakiki mkuu wa Kitengo cha Hoja atafunga droo ya meza yake, atakabidhi ufunguo kwa ofisi ya utumishi na kustaafu, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kuhakiki maswali ya mtihani wa kujiunga na vyuo. Amefanya kazi chini ya wakurugenzi sita, amehamishwa ghorofa mara tatu, na kiti chake kimeshonwa upya mara mbili. Kamati ya sherehe imemwomba mwandishi wa wasifu huu aandike maneno machache ya kumuaga katika jarida hili la ofisi. Kwa nini imemchagua yeye, ambaye maswali yake yamemmalizia mama huyu kalamu nyekundu kuliko ya mtu mwingine yeyote, kamati haikueleza.

Kwa ndugu zetu wa masjala, uhasibu na usafirishaji, ambao huona tu mlango wetu umefungwa, kazi yetu ni hii: tunampa mtahiniwa kanuni moja au mbili, kisha tunamuuliza ni jambo gani linalofuata kutokana nazo. Hatari yake ni kuigeuza kanuni kinyumenyume. Kanuni ikisema kwamba kila daktari wa hospitali fulani huvaa koti jeupe, haijasema kwamba kila mwenye koti jeupe hospitalini hapo ni daktari. Mpishi naye anaweza kuwa nalo. Ukilisoma jambo hili hapa utaliona dogo. Ukiliandika mwenyewe, shahada yako ikiwa imetundikwa ukutani nyuma yako, linakupita hivi hivi.

Mhakiki mkuu halikumpita. Kila alipokuta kanuni imegeuzwa, aliandika pembeni maneno mawili, "Si lazima", bila alama ya mshangao wala mstari chini yake. Ndiyo maana kitengo kizima kinamwita Bi Si-Lazima akiwa hayupo, na Mama akiwapo. Miaka kumi na minne iliyopita mwandishi alipeleka kwake maswali yake kumi ya kwanza, akiwa na tai mpya na daraja la kwanza la chuo kikuu. Yalirudi kabla ya saa sita mchana yakiwa na "Si lazima" tisa. La kumi lilikuwa na alama ya kuuliza. Mwandishi alikwenda chooni, akasimama mbele ya kioo kwa muda, akaivua tai.

Tukitaja choo, haitakuwa haki kuacha habari ya ukuta. Dari la masjala lilipoanza kudondosha maji, ni mwandishi huyu huyu aliyekimbia kumwita fundi bomba. Alijua kwamba bomba la choo cha juu likipasuka, maji hushukia masjala, maana lilikwisha kupasuka mwaka mmoja kabla. Mama alipita na kikombe chake, akatazama juu, akasema huenda ni kitu kingine. Mwandishi akamwagiza fundi abomoe. Ukuta wa choo cha wanaume ulibomolewa kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua, na bomba likakutwa zima, kavu, linang'aa. Maji yalikuwa yanatoka kwenye kiyoyozi. Choo kilifungwa wiki saba, na wanaume wa ghorofa ya pili, waliokuwa wakipanda ngazi hadi ya nne, wengine hawajamsamehe mpaka leo.

Kuna pia lile la chai. Utawala ulibandika tangazo kwamba atakayefika baada ya saa mbili asubuhi hatapata chai. Kesho yake kitengo kizima kilikuwa vitini saa moja na nusu. Siku nne zikapita, chai haikuletwa. Mwandishi akatunga barua kali ya malalamiko, akampelekea Mama atie sahihi. Aliisoma mara mbili, akamrudishia taratibu. Tangazo limewatisha wanaochelewa, alimweleza. Waliowahi halikuwaahidi kitu. Wataalamu wanane wa hoja walirudi kwenye meza zao na vikombe vitupu.

Nyumbani kwake nako, kwa tunavyosikia, hakuna nafuu. Mumewe, fundi redio, alisimulia mbele ya watu kwenye arusi ya binti yao jinsi alivyompata. Mama alikuwa amemwambia kwamba akiacha sigara, atamfikiria. Jamaa akaacha, akahesabu miezi mitatu, akaja amevaa suti kuulizia siku ya posa. Akajibiwa kwamba ahadi imetimizwa: amekwisha mfikiria. Ilimchukua fundi redio miezi minane mingine kupata jibu lenyewe, na anasema hajawahi tena kupokea ahadi bila kuisoma mpaka mwisho.

Kuhusu mafanikio, yapo mengi, na tutataja yanayohesabika. Amehakiki maswali zaidi ya elfu kumi na moja. Amewafunza waandishi kumi na wanne, wawili kati yao leo ni wakuu wa vitengo. Ameandika mwongozo wa uhakiki unaotumika hadi sasa, wenye mifano arobaini na miwili ya makosa. Thelathini na moja kati ya mifano hiyo ilitoka kwa mwandishi wa wasifu huu. Hakutajwa popote, ila kila mwajiriwa mpya humtambua akifika ukurasa wa tano.

Sasa tumefika mahali ambapo wasifu wa namna hii huwa unaruka.

Miaka sita iliyopita Mama alichukua likizo ya miezi miwili kumuuguza mama yake mzazi. Alimwachia mwandishi ufunguo wa droo yenye muhuri wake wa kupitisha maswali, na agizo moja: swali lolote lenye shaka lisubiri hadi arudi. Swali la 37 la mwaka ule lilikuwa la mwandishi mwenyewe. Lilisema kwamba kila aliyechaguliwa kwenye timu ya uokoaji alikuwa amefaulu mtihani wa kuogelea, kaka mmoja amefaulu mtihani wa kuogelea, je, amechaguliwa? Mwandishi aliweka kuwa jibu sahihi ni Ndiyo. Hakuwa na shaka hata chembe, kwa hiyo hakuona cha kusubiri. Aligonga muhuri wa Mama kwa mkono wake, akapuliza wino ukauke.

Mama aliporudi, mtihani ulikuwa umekwisha fanywa na kusahihishwa, na matokeo yalibakiza siku nne kutangazwa. Aliisoma karatasi nzima mezani kwake, akasimama kwenye la 37. Kufaulu kuogelea ni sharti la kuchaguliwa, lakini waliofaulu wanaweza kuwa mia na timu ina watu kumi. Jibu lilikuwa Haiwezi Kujulikana. Watahiniwa mia sita na kumi na wawili walikuwa wamejibu hivyo hivyo, wakapewa sifuri. Themanini na tisa kati yao walikuwa wamekosa chuo kwa alama hiyo moja. Aliingia kwa mkurugenzi wa wakati ule bila kupiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla wala baada.

Kamati ilikutana mchana uleule. Mkurugenzi alisema kwamba swali likiwa na kasoro watu hulalamika, hakuna aliyelalamika, basi halina kasoro. Mama alimjibu kwa upole kwamba hoja yake imejengwa sawasawa, ila mwanzo wake si kweli, maana mtoto aliyekosa hudhani kosa ni lake. Hapo walikubali kusahihisha upya. Kisha wakauliza ni nani aliyelipitisha swali. Muhuri ulikuwa wa Mama, hauna tarehe, naye alinyamaza. Mjumbe mmoja akasema kwamba mwenye kosa huwa hana la kusema. Huyu hana la kusema. Kwa hiyo kosa ni lake. Wote wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa kanuni iliyogeuzwa kinyumenyume, mfano safi kuliko wowote ulioko kwenye mwongozo, mbele ya watu saba wanaolipwa mshahara kuutambua. Katibu wa kikao aliuandika kwenye kumbukumbu neno kwa neno. Katibu huyo alikuwa mwandishi wa wasifu huu.

Wale themanini na tisa walipata nafasi zao. Mama alipata barua ya onyo, na ukuu wa idara, ambao kila mtu alijua ungekuwa wake mwaka ule, ukaenda kwa mwingine.

Nimejificha nyuma ya "mwandishi wa wasifu huu" kwa kurasa mbili sasa, na inatosha. Ni mimi. Mkataba wangu ulikuwa unamalizika mwezi uliofuata, mke wangu alikuwa mjamzito, na niliogopa. Nikajitungia hoja ya kunituliza: Mama angekuwa na kinyongo, angesema, hajasema, basi hana kinyongo. Niliishi na hoja hiyo miaka sita, nikimsalimu kila asubuhi, nikimbebea mafaili ngazini, nikijiona kijana mwenye adabu. Naona aibu kuandika haya, na aibu yenyewe imechelewa.

Mwezi uliopita, nilipopewa kazi ya kuandika wasifu, nilianza vizuri nikafika mwaka ule nikakwama. Nilikaa siku tatu na sentensi moja. Mwishowe nikaenda mezani kwake, nikafunga mlango, nikamweleza yote, huku nikilia kidogo, jambo ambalo naomba lisijadiliwe kantini. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema alijua tangu siku ile, maana hakuna mwingine kitengoni anayeandika maswali kwa mtindo wangu. Alinyamaza kikaoni kwa sababu, lau angekana, wangeanza kumtafuta mtu, usahihishaji ungesimama, na matokeo yangetangazwa kabla hawajampata. Na baada ya matokeo? Baada ya matokeo alikuwa ananisubiri mimi. Nikamwomba msamaha, akanipa papo hapo, na nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango aliposema, "Mwanangu, umeniambia mimi ninayejua. Nenda ukawaambie wasiojua."

Basi nawaambia. Swali la 37 niliandika mimi, nikalihakiki mimi, na muhuri niligonga mimi. Jumatatu nilimwandikia mkurugenzi, nikiomba ile barua ya onyo itolewe kwenye faili la Mama na kuwekwa kwenye langu kabla faili lake halijafungwa Ijumaa, na kumbukumbu za kikao kile zisahihishwe. Hadi jarida hili linakwenda kuchapwa sijajibiwa. Wanaojiuliza kama nitakuwa bado kwenye meza yangu mwezi ujao wajue kwamba nami najiuliza. Kamati ya sherehe, ambayo ilitaka kitu chepesi cha kuchekesha, naiomba radhi.

Mama, kwa niaba ya waandishi kumi na wanne uliowafunza, asante kwa kila swali ulilolirudisha. Asante pia kwa niaba ya wale themanini na tisa, ambao wamekwisha kuhitimu, wana kazi zao na watoto wao, na hawajui kwamba uliwahi kuwapo. Tunakutakia afya njema, asubuhi ndefu zisizo na kengele, na miaka mingi pamoja na fundi wako wa redio. Unatoka ofisini humu kama ulivyoingia, huna kosa. Kosa linabaki huku, na mwenyewe ameshajulikana.