Sanduku la Wasiotakiwa

Amahoro kwenu, ndugu zangu. Nimesikia hapa shuhuda za watu waliopona magonjwa makubwa. Wangu unahusu ordinateri, yaani kompyuta. Mukitaka kucheka muanze sasa, maana mbele hakuna kicheko kingi.

Munajua mimi ni sekretari wa kooperativu yetu ya mawese na sabuni, na imeli yake iko mikononi mwangu. Siku moja ilikuja barua yenye picha nzuri ya mashine ya kukamulia. Nikabonyeza picha, ikaniomba neno la siri, nami nikaliandika. Kesho yake wateja wetu wote walipokea matusi kwa jina langu. Nawaambia, nilipita sokoni Rumonge nikiangalia miguu yangu.

Mama mwenye saiba, ile nyumba ya intaneti ninakosomea barua zetu, alinisaidia kuirudisha imeli. Nikamwambia afunge kila kitu. Akaweka picha zisifunguke zenyewe, na barua za watu nisiowajua ziende kwenye sanduku lililoandikwa Kifaransa, Indésirables, yaani wasiotakiwa. Akanionya, "Mama, ulichungulie kabla ya kulimwaga." Mimi na hasira zangu, kila Ijumaa nikifika saiba nalimwaga bila kuangalia. Na niseme kweli, nilisikia raha.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Niko na dada mkubwa. Tulikulia pamoja kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, halafu yeye akapelekwa kuishi ng'ambo, mimi nikarudi kwetu Kizuka na mama yetu. Mama alipofariki, dada hakuja kuzika. Nikamwambia kwa simu, "Usinitafute tena," nikabadilisha namba. Ikapita miaka. Munaniona naimba kwaya, kumbe hilo lilikuwa moyoni.

Basi mteja mmoja wa Kabezi akanipigia, amekasirika. Ameandika mara mbili, hajajibiwa. Nikajua amekwenda kwa wasiotakiwa. Siku hiyo nikalifungua sanduku. Barua yake ilikuwa pale, na chini yake ingine, ya mtu nisiyemjua. Nilipoifungua haikuwa na neno hata moja, ni mraba mweupe tu. Lakini juu, penye kichwa cha barua, pameandikwa jina alilokuwa ananiita mama nikiwa mutoto. Hapa Rumonge hakuna anayelijua.

Mama wa saiba akaikagua anwani, akanihoji mpaka akaridhika. Akasema, "Hapa iko picha. Wewe ndiye umeizuia." Akaifungua.

Ilikuwa barua ya mkono, imepigwa picha. Dada hajui kuandika kwa mashine, jirani yake ndiye aliyemsaidia kuituma, kwa anwani ya kooperativu aliyoiona mtandaoni. Imeandikwa kwa Kirundi: "Hii ni ya tatu. Ukinyamaza na hii, nitajua hunitaki. Sitakusumbua tena."

Ndugu zangu, ya kwanza na ya pili nilizimwaga mwenyewe. Mimi niliyeitwa mkimbizi nusu ya maisha yangu, nikilichukia neno hilo, nilimuweka dada yangu kati ya wasiotakiwa. Nililia palepale saiba, watu wananiangalia.

Namba ya simu ilikuwa chini ya barua. Nikapiga. Nilimuuliza zile mbili zilisema nini.

"Ya kwanza nilikueleza kwamba sikuwa na karatasi za kusafiria," akasema. "Ya pili sikueleza kitu. Niliomba tu unisamehe."

Nikamwambia mwenye kuomba msamaha ni mimi. Tangu siku hiyo tunaongea kila Jumapili.

Namshukuru mama wa saiba, yule pale karibu na dirisha, anajifanya hasikii. Nawashukuru wenzangu wa kooperativu, ambao baada ya yale matusi hawakuniondoa kazini. Na ninyi siwaambii mufungue kila kitu. Picha zangu bado zimefungwa, na neno la siri simpi mtu. Ila mlango ukiufunga, ujue nani amebaki nje. Anwani ya yule jirani nimeiandika kati ya watu wangu. Na Ijumaa, kabla ya kumwaga lile sanduku, nasoma majina yote, moja moja, hata ya matapeli.

Murakoze, asanteni.