Bibi Koleo, Fundi wa Sanamu za Kifuani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bibi Koleo anavua aproni yake baada ya kuitumikia karakana yetu miaka thelathini na saba na miezi minne. Hiyo miezi minne amedai mwenyewe iandikwe. Alipoanza tulimwita Dada Koleo, baadaye Mama Koleo, na wajukuu walipozaliwa akapanda cheo tena.

Aliajiriwa kufagia. Wakati huo karakana ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kufanya kazi na wachongaji na wachoraji: wao wanabuni bizimu, pambo la kubana kifuani, nasi tunalitengeneza kwa fedha au shaba. Kila bizimu ni sanamu ndogo ya kuvaliwa. Mwezi wake wa pili, sonara mkuu alimkuta ameshika bizimu iliyokuwa imewashinda mafundi wawili, pini yake ikifunguka ovyo. Alikuwa ameshaitengeneza, tena kwa koleo la kuokota. Sonara akamuuliza nani kamfundisha.

"Baba alikuwa fundi baiskeli," akajibu.

Jumatatu yake akapewa benchi. Ufagio nikaurithi mimi, ninayeandika haya, na ilinichukua miaka mitano kupata benchi la kung'arisha, pembeni ya lake.

Wachongaji walimwogopa. Mmoja alituletea mfano wa bizimu yake: ngazi ya shaba, nene, kubwa kama kiganja. Bibi Koleo aliibana kwenye shali, na shali ikalegea kama mdomo wa mtoto anayetaka kulia. "Sanamu zako zimezoea kukaa mezani," akamwambia. "Hii itakaa juu ya mtu anayepumua." Mchongaji alisusa siku tatu. Siku ya nne akarudi na ngazi ileile, ila nyembamba na yenye uwazi ndani, na mpaka leo anawaambia watu lilikuwa wazo lake.

Hakuna bizimu iliyotoka hapa kabla yeye hajaivaa siku nzima, sokoni, kwenye basi, na ndoo mkononi. Muuza vitunguu aliwahi kumuuliza kama ile aliyovaa ni nishani. "Ndiyo," akasema, "ya uvumilivu." Bizimu zaidi ya mia nne zimepita kifuani pake, na mafundi sita wamejifunza kazi kwake, wawili kati yao huku wakilia.

Lakini wasifu huu utakuwa nusu nisipomtaja mchoraji mmoja. Kwa miaka tisa alikuwa akija kila wiki, karatasi kaikunja kwapani, na kwanza walicheka, kazi baadaye. Walikuwa chanda na pete. Kati ya bizimu zote tulizowahi kutengeneza, zile ishirini na sita za wawili hao ndizo zilizowasimamisha watu wakasahau walikokuwa wanaenda.

Ya mwisho ilikuwa korongo, shingo kaielekeza juu, wima. Bibi Koleo aliona kwamba shingo ile itanasa kwenye mtandio na kukatika. Mchoraji alikuwa safarini, na zilibaki siku mbili kabla ya maonyesho yetu. Akaipinda kidogo tu, korongo akawa kama anatazama bega la anayemvaa. Mchoraji aliporudi alimkuta korongo ameshawekwa kwenye kabati la kioo.

"Ndege wangu alikuwa anaondoka," alisema. "Wewe umemrudisha."

"Angevunjika, dada."

"Bora angevunjika."

Akamchukua korongo wake, na hatukumwona tena kwa miaka kumi na minne. Bibi Koleo aliandika barua tatu, hakuna iliyojibiwa. Kila tuliposikika kwenye ngazi za kupandia karakana alikuwa akiinua uso, halafu akiurudisha kwenye kazi, mpaka sisi wenyewe tukajifunza kukohoa tukiwa chini, ili ajue mapema kuwa ni sisi tu. Hakulalamika. Alisema mara moja, akinoa ncha ya pini, kwamba mikono ndiyo inayohisi pengo la mtu kuliko moyo, maana moyo unaweza kudanganywa.

Machi mwaka huu kilikuja kifurushi. Ndani yake korongo, pini imekatika, bila hata mstari wa barua. Bibi Koleo alimgeuza kwanza, kama sonara yeyote. Mgongo wa fedha ulikuwa umelainika kwa kusuguliwa na nguo, na kwenye kidoano cha kushikia pini kulikuwa na nyuzi za rangi tatu.

"Amekuwa akiivaa," akasema.

Halafu akavua miwani, akaniomba niangalie taa, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Kazi ile ya saa moja aliifanya wiki nzima. Alimrudisha korongo na kijikaratasi: "Pini ni mpya. Nilipaswa kukuuliza, nisamehe. Ukitaka shingo inyooke kama ulivyochora, nitainyoosha."

Jibu lilikuja kwa simu, kutoka kwa binti wa mchoraji. Mama yake sasa anatembea kwa shida, brashi haishikiki, na mji wanaoishi ni mwendo wa siku nzima kwa basi. "Mama anasema shingo iachwe hivyohivyo, ameshaizoea," binti alisema. "Na anauliza kama utakuja."

Bibi Koleo anaondoka kwa basi la Jumatatu asubuhi. Hakutaka sherehe kubwa. Anasema ana mizigo ya kufunga.

Asante, Bibi Koleo, kwa kila pini uliyoinoa na kila fundi uliyemkaripia kwa faida yake. Benchi lako tutampa mwingine, maana kazi ni kazi, ila tutakawia kidogo. Afya iwe nawe, na njia ikunyookee. Mkishaonana, kaa naye kadiri moyo unavyotaka. Huku hakuna atakayekuandikia umechelewa.