Dada Yetu, Fundi wa Mbao za Taa za Stesheni

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1983, mtoto wa tatu wa baba fundi cherehani na mama muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mimi ninayesoma wasifu huu ni mdogo wake, kitinda mimba.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu. Huko alimvunja jino kijana aliyeninyang'anya mkoba. Mama alipomuuliza kwa nini hakwenda kwa mwalimu, alijibu, "Mwalimu alikuwa mbali, mama. Jino lilikuwa karibu." Baada ya sekondari alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu fani ya umeme na mawasiliano mwaka 2005.

Mwaka uliofuata aliajiriwa stesheni kuu ya mabasi, kuendesha mbao za taa zinazoonyesha safari. Alikaa na kompyuta yake chumba cha juu, chenye madirisha yanayotazama ukumbi na lango. Kila ubao una namba yake, na amri huandikwa kwa mstari mmoja: alama ya kuanzia, namba ya ubao, maneno, alama ya kufunga. Ukiruka alama moja, ubao unakutazama tu. "Ubao si mume," alizoea kusema, "haukisii ulichotaka kusema."

Mume alimpata hapo hapo. Shemeji yetu, dereva wa basi, alipanda ngazi kugomba kwamba ubao umeandika basi lake limechelewa. Akashuka na namba ya simu. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2009, wakajaliwa binti na mvulana.

Jumanne tarehe 14 Mei, asubuhi, watu wenye bunduki waliingia stesheni. Walianza na mtangazaji, wakamuua ndani ya kibanda chake cha vioo, kisha wakamimina risasi kwenye foleni za tiketi. Watu walikimbilia lango kuu, na huko nje wauaji wengine walikuwa wakiwasubiri. Walioanguka walikanyagwa na waliokuwa nyuma yao.

Mlinzi aliyekuwa naye juu alimvuta mkono. "Dada, tushuke kwa ngazi za nyuma!"

"Shuka wewe. Wanaenda kufa langoni, hawajui."

Akaandika: MSIENDE LANGO KUU. PITENI KARAKANA. Aliutuma ujumbe huo kwenye ubao mmoja mmoja, kwa namba yake, akiacha zile mbao mbili zilizokuwa juu ya vichwa vya wauaji ziendelee kuonyesha saa za safari. Watu wakaanza kugeuka. Ubao wa jukwaa la nne peke yake haukubadilika. Kwa haraka alikuwa ameruka alama ya kufunga.

Wauaji waliona ukumbi unapungua watu. Mmoja alipanda juu, akavunja mlango kwa mateke. Mlinzi, ambaye hakushuka bali alijibanza nyuma ya kabati, alisikia kila neno.

"Nani anaandika?"

"Mimi," alijibu dada, vidole vikiendelea. Alipigwa kitako cha bunduki, meno yakamwagika mezani. Alituma upya mstari wa jukwaa la nne, safari hii na alama ya kufunga. Ndipo akapigwa risasi mbili za tumbo.

Alilazwa hospitali wiki tatu, akapasuliwa mara kadhaa, na vidonda vikaingia usaha. Alipopata kauli, aliuliza jambo moja: "Wa jukwaa la nne walitoka?"

Sote tulimtazama shemeji. Hakumdanganya. "Wengi walitoka, mke wangu. Wawili hapana."

Aligeukia ukutani. "Niliandika vibaya mara ya kwanza," alisema. Alifariki tarehe 5 Juni, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Ameacha mume, binti, mvulana, mama yetu, sisi ndugu zake wanne, na wafanyakazi wenzake wa stesheni.

Nimeambiwa pia kwamba watu waliokuwa jukwaa la nne wamekuja, na wamesimama kule nyuma kwa sababu hawajui wakae wapi. Shemeji anasema msogee mbele. Viti vya familia vipo.

Dada, wamefika. Pumzika sasa, kwa amani.