Verna Lindqvist, Aliyetupiga Picha Matembezini

Padre, majirani na ndugu wote mliofika, mimi ni Wendell Hrynchuk, mdogo wake marehemu, na bintiye Colleen ameniomba niwasomee maisha ya mama yake, maana yeye hawezi.

Verna alizaliwa tarehe 11 Februari 1956 katika shamba la wazazi wetu, kaskazini mwa mji huu wa Tarnow Creek, akasoma hapa hadi mwaka 1974, kisha akaenda mji mkubwa wa Regina kujifunza upigaji picha, jambo ambalo baba aliliona ni upuuzi mtupu na akaendelea kulisema mezani hadi anakufa. Kuanzia 1976 alilifanyia kazi gazeti letu la kila wiki, na lilipofungwa mwaka 2009 akabaki na studio yake ndogo jirani na duka la dawa.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na Gordon Lindqvist, fundi wa matrekta, wakajaliwa Colleen mwaka 1983, na tarehe 2 Novemba 1997 Gordon akafariki kwa saratani ya mapafu. Verna alipekua nyumba nzima akitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, akapata moja tu, ya leseni ya udereva. "Nimepiga picha harusi za mji mzima," aliniambia, "mume wangu mwenyewe sikumpiga."

Mwaka uliofuata yalipoanza matembezi ya kuchangia wagonjwa wa saratani, kutoka uwanja wa hoki hadi maghala ya ngano na kurudi, Verna alijitolea kupiga picha, na hakukosa hata mwaka mmoja. Aliyeugua huvaa fulana ya njano na kutangulia, sisi wengine tunavaa nyeupe na kufuata nyuma, naye alikuwa akitembea kinyumenyume mbele ya wenye njano, akimpiga picha kila mmoja peke yake, na mnajua picha zile ziliishia wapi. Mwaka jana Mzee Elmer Stadnyk alijificha nyuma ya wenzake akipiga kelele, "Verna, niondolee hicho kidude, mwaka huu bado nina ngano shambani!" naye akamjibu, "Acha kununa, Elmer, wajukuu watakutaka ukiwa unacheka." Tulimzika Elmer mwezi Machi, na katika picha ile, juu ya jeneza lake, alikuwa anacheka.

Tarehe 6 Septemba mwaka huu wa 2019, daktari wa Regina alimwambia Verna kwamba ana saratani ya kongosho na imeshasambaa, naye hakumwambia mtu, hata Colleen. Siku tisa baadaye, asubuhi ya matembezi, mgawaji wa fulana nilikuwa mimi, na nyeupe za saizi yake zilikuwa zimeisha, basi nikamnyooshea ya njano nikisema, "Chukua hii, dada, ulivyokonda hivyo nani atakuuliza?" Watu wakacheka. Alinitazama, akainua kamera akanipiga picha, akasema, "Mpe mwenyewe, mimi niko kazini," kisha siku ile akafanya kazi akiwa amekaa kwenye kiti, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Alituambia tarehe 1 Oktoba, akafariki nyumbani kwake tarehe 3 Novemba, saa tisa alasiri, kwa maumivu ambayo sitayapamba hapa. Nilipomuuliza kwa nini alificha, alisema alitaka watu wamtazame kwa mara ya mwisho kama walivyozoea, bila kumwinamishia vichwa. Picha za siku ile tumezifungua, na kweli, hakuna hata mmoja anayemhurumia. Ya kwanza ni yangu, nimenyoosha fulana ya njano, nacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana.

Familia inawashukuru madaktari wa Regina, muuguzi Imelda Corpuz aliyekuja nyumbani kila siku, majirani walioleta supu na kuzoa theluji mlangoni, na wenzake wa kamati ya matembezi. Picha ziko ukumbini, kwenye meza ya kahawa, kila mtu achukue yake. Mimi yangu nimeshaichukua.

Dada Verna, nilikuwa nakutania tu. Pumzika.