Tewabech Gessesse, Mtafuta Akidi

Mababa makasisi, wazee wa chama chetu cha kuzikana, majirani wapendwa, na ninyi wanachama wa Chama cha Watafiti wa Miswada ya Kale ambao nawaona mmejaa kuanzia ngazi za kanisa hadi langoni, mimi ni Gebeyehu Gessesse, kitinda mimba wa nyumba yetu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya dada yetu, nawaomba mnivumilie sauti ikikatika, na wale mnaonyeshewa na mvua huko nyuma sogeeni chini ya paa, nafasi ipo.

Dokta Tewabech Gessesse, ambaye sisi nyumbani tulimwita Etiye, yaani dada mkubwa, na mwishowe kila mtu akamwita hivyo hata waliomzidi umri, alizaliwa tarehe 7 Hidar mwaka 1950 kwa hesabu yetu, wageni wa ng'ambo waongeze wenyewe miaka yao saba, katika mji wa Dembecha, Gojjam, akiwa mtoto wa kwanza wa Ato Gessesse Worku, karani wa mahakama, na Weyzero Mantegbosh Ayalew, mama wa nyumbani, ambao wote wametangulia mbele ya haki.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Dembecha mwaka 1957, akaendelea na sekondari Debre Markos mwaka 1965, na alipokuwa darasa la kumi na moja, mwaka 1967, wanafunzi wa nchi nzima walipopelekwa vijijini, yeye akaangukia kijiji kimoja cha milimani ambako wakulima walikuwa wanamchagua mwenyekiti wao kwa kujipanga nyuma ya wagombea, na tajiri wa pale amesimama mbele akiwatazama usoni mmoja mmoja, basi foleni yake ikawa ndefu na ya mwenzake ina mke na shemeji tu. Etiye, msichana wa miaka kumi na saba, aliomba vyungu viwili, akaning'iniza blanketi mbele yavyo, akampa kila mtu punje moja ya haragwe, na tajiri akashindwa vibaya mno, na jioni ile ile dada yetu akaambiwa afungashe virago. Mimi nasema ugonjwa uliomuua ulianzia pale, madaktari watanisamehe.

Aliingia Chuo Kikuu hapa Addis Ababa mwaka 1970, akasoma historia na lugha ya Geez, akapata shahada ya kwanza mwaka 1974 na ya pili mwaka 1978, kisha akaenda Ujerumani, akarudi na udaktari mwaka 1988, akafundisha mpaka alipostaafu mwaka 2010. Tarehe 14 Tir mwaka 1979 alifunga ndoa na Ato Bezabih Tessema, mwalimu wa jiografia, mpole kuliko sisi sote, aliyefariki mwaka 2001, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Meklit na Natnael, ambao mnawaona hapa mbele.

Alijiunga na Chama akiwa bado mwanafunzi, na mwaka 1991 akachaguliwa kuwa katibu wa katiba na uchaguzi, kazi ambayo hakuna aliyeitaka, akaifanya miaka ishirini na mitano mpaka juzi. Ni yeye aliyeandika kwamba maelezo ya wagombea yalingane urefu, ni yeye aliyekataza profesa kujaza karatasi ya kura ya mwanafunzi wake, na wiki ya uchaguzi akimwona mgombea anakuja barabarani alikuwa anavuka upande wa pili asije akasalimiwa. Mwaka mmoja shemeji yetu Bezabih alijiunga kwa ajili ya ramani za kale, akagombea uweka hazina, Etiye akawaachia wengine kuhesabu, lakini mwaka ule kura zilipigwa Alhamisi na matokeo aliyajua siku ile ile, na marehemu Bezabih alilala naye kitanda kimoja siku mbili nzima akiuliza, "Jamani Tewabu, hata kukohoa tu?", naye anamjibu, "Matokeo ni Jumamosi, Bezabih, geukia ukutani ulale." Alishindwa, maskini, akajua pamoja na watu wengine ukumbini.

Sasa nafika mahali pagumu. Muda wa kamati iliyopo ulikwisha mwezi wa Tikimt mwaka 2014, na Mwenyekiti, Profesa Demissew Aklilu, mwenyewe alikuwa anaomba kupumzika kama mtu anayeomba maji, ila katiba inasema hakuna uchaguzi halali bila akidi, yaani nusu ya wanachama na mmoja juu yake, wakiwa ndani ya ukumbi, wazima, kwa miguu yao.

Mkutano wa kwanza aliuitisha Tikimt mwaka 2015, akampigia simu kila mwanachama yeye mwenyewe, na kila mmoja akamwambia, "Ishi, Etiye, nitakuja, kwa wito wako tena nikatae?", na ishi yetu hii, yaani sawa, mnaifahamu, ni kukubali kusikokuwa na miguu, kwa sababu kumwambia mtu mzima hapana ni aibu lakini kutotokea si aibu. Alirudi nyumbani saa nane mchana, akavua viatu, akasema, "Walikuwa ishi tupu, Gebeyehu, viti vyote vimekaliwa na ishi."

Mkutano wa pili, Yekatit mwaka 2015, watu walifika wa kutosha, sijui malaika gani aliwasukuma, na hapo ndipo dada yetu alipofanya kosa ambalo mgeni hawezi kulifanya wala kulielewa. Lilipotajwa jina la kwanza, mtajwa alisimama akasema hapana, mimi sistahili, wapo wakubwa zangu, kama sote tulivyolelewa, akangoja abembelezwe mara mbili tatu ndipo akubali kwa shingo upande, lakini Etiye alikuwa ameandika katika kanuni zake mwenyewe kwamba anayekataa amekataa, akatamka, "Amejiondoa, jina linalofuata," na la pili likawa hivyo hivyo, na la tatu, mpaka watu saba wazuri kabisa wakawa wamejiondoa, na hakuna aliyebaki wa kuchaguliwa. Mmoja wao, yupo hapa simtaji, alimfuata nje kafura, "Nilikataa ndiyo, lakini Etiye, hata kunibembeleza? Mara moja tu?" Akamjibu, "Mimi nasimamia uchaguzi, siposi mtu." Sisi tulicheka sana nyumbani, yeye hakucheka.

Mkutano wa tatu, Hidar mwaka 2016, aliwabembeleza watu mapema, mmoja mmoja, akijua anaivunja kanuni yake, akapata wagombea waliokubali na ukumbi uliojaa, karatasi za kura ziko mezani, na wakati ule ule ikaingia simu kwamba mama mzazi wa Makamu Mwenyekiti, Dokta Wubshet, amefariki dunia. Ukumbi mzima ulisimama. Dokta Senait Haddis, mhadhiri kijana kutoka Debre Markos, ndiye peke yake aliyesema, "Samahanini wakubwa, tupige kura kwanza, ni dakika ishirini tu, kisha twende sote," na aliyemkalisha chini si mwingine, ni Etiye, "Wewe binti, mama wa mtu amelala hajafunikwa, na wewe unaongea habari ya kura?" Wakajifunga shuka zao wakaenda kulia, na Etiye akawa wa kwanza kwenye gari.

Figo zake zilikuwa zimeanza kumsumbua mwaka uliotangulia, na kuanzia Tir mwaka huu akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mwezi wa Megabit ikaja barua kutoka ofisi ya usajili, kwamba ikifika tarehe 30 Sene, yaani mwisho wa mwezi huu, bila kamati mpya iliyochaguliwa kihalali, Chama kitafutwa, na mali yake yote itakabidhiwa kwingine, ikiwa ni pamoja na picha za ile miswada ambayo yenyewe iliungua makanisani, picha zilizopigwa na wenzenu wakitembea na punda, nazo sasa ndizo zilizobaki duniani. Etiye alisomewa barua hiyo mirija ikiwa mkononi. Hakulia. Aliomba simu.

Notisi ni siku ishirini na moja, hivyo nafasi iliyobaki ni moja tu, Jumamosi hii, kesho kutwa, tarehe 15 Sene, saa tatu asubuhi, na nyingine haipo. Aliwapigia simu kutoka kwenye mashine ile ya kusafishia damu, wengine mlisikia inavyolia mkadhani ni hitilafu ya simu, na mkasema ishi, naye alikuwa anakata simu anatazama dari. Wauguzi walimwambia, "Mama, pumzika," akawauliza kama wao ni wanachama.

Jumanne alituita sote, akasema kwa sauti ndogo sana, "Nikifa kabla ya Jumamosi nimewaua. Watakuja wote kwenye hema la matanga yangu, nikifa kesho siku yangu ya tatu itaangukia Jumamosi yenyewe, watakaa, watakula ngano ya kuchemsha, watalia, na hakuna hata mmoja atakayekwenda ukumbini, watasema tutapigaje kura na hema la Etiye liko wazi." Nikamwambia, kwa ujinga wa mtu aliyechanganyikiwa, "Basi usife." Akasema, "Ningekuwa na uwezo ningekufa, Gebeyehu? Funga hema." Nilimwambia hilo halijawahi kufanyika, siku ya tatu hema halifungwi, watatusema mpaka tuhame mtaa, wataona aibu hata kutusalimia, na yeye akanishika hapa kwenye kola kwa ule mkono uliovimba, akasema, "Wewe unaogopa kusemwa. Mimi naogopa kufutwa." Baadaye akamwambia Meklit, "Yule binti wa Debre Markos alikuwa na haki. Mwambieni." Dokta Senait, umeambiwa.

Alifariki jana, Jumatano tarehe 12 Sene mwaka 2016, siku ya Mikaeli Mtakatifu, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake wanne, na akidi ambayo hajaipata.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upendo na kuvumilia mikutano yake ya simu, inawashukuru majirani waliompikia uji wa shayiri na kumbeba ngazini, inawashukuru makasisi, na inakishukuru chama chetu cha kuzikana, ambacho hema lake lilisimama kabla hatujamaliza kulia, na ambacho mwanachama wake asipofika msibani anatozwa faini, Etiye alikuwa anasema laiti na wasomi wangeogopana hivyo.

Na inawashukuru ninyi, wenzake wa kazi, wanachama wa Chama cha Watafiti wa Miswada ya Kale. Mmekuja kutoka Gondar, kutoka Mekele, kutoka Jimma, wengine mmesafiri tangu jana mchana na hamkubembelezwa, hamkupigiwa simu hata mara moja. Nimewatazama wakati makasisi wanaimba. Mmezidi nusu, mmezidi nusu na mmoja, mmezidi sana, naapa sijawahi kuona kitu kilichoniuma kama hiki, kwa maana mtu pekee ambaye angefurahi kuwaona ndiye huyu tunayemfukia, naye angesema hamhesabiki, hapakuwa na notisi.

Kwa hiyo familia inatangaza, na mtusamehe, kwamba hema la Dokta Tewabech litakuwa wazi kwa kila mtu leo na kesho, lakini Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi kura ya mwisho ihesabiwe, hakuna mwanachama wa Chama hiki atakayepokelewa, hata awe profesa, hata awe amemfundisha marehemu, na Natnael atasimama langoni, anawajua kwa sura. Anayetaka kumlilia dada yetu siku ya tatu yake akamlilie ukumbini. Mtakaotajwa majina, nawaomba kwa heshima zote, msikatae mkingoja kubembelezwa, wa kuwabembeleza hatunaye tena. Na likitokea jambo asubuhi ile, akifa mama wa mtu, nikifa mimi, pigeni kura kwanza. Tafadhalini msinijibu ishi. Nawasikia hapo mbele mnaanza, nyamazeni, naomba mnyamaze, sitaki kuisikia leo.

Etiye, ulichotutuma tumekisema mbele ya jeneza lako, na aibu yake tumeibeba. Pumzika kwa amani, na kama utashindwa kupumzika mpaka Jumamosi ipite, sisi tutaelewa.