Trekta la Kwenda na Trekta la Kurudi

— Milioni nne na nusu, na halina hata paa la kukinga jua?

— Sinunui nyumba, Nati. Nyumba ninayo, nimeijenga mwenyewe.

— Basi chukua lile la tairi pana. Hili jembamba litakulaza chali.

— Nimeshatoa arbuni.

— Umempa nani?

— Mimi hapa, alisema Kamisheni, akiinua kikombe kama anayeapishwa.

Benchi lao ni ubao mmoja juu ya matofali sita, kati ya gereji na duka la vifaa vya ujenzi, na wanne walewale hulikalia kila asubuhi mpaka birika la muuza kahawa likauke. Gereji ni ya Nati. Kamisheni ni dalali wa chochote kinachouzika. Breki aliendesha lori miaka ishirini, siku hizi anaendesha mazungumzo. Wa nne ni Mwashi, aliyejifunza ujenzi kwa kutazama mikono ya wenzake. Cheti hana wala hakitafuti, na hasira zake hazikai mbali. Nyuma ya nyumba yake kuna shamba la robo eka lililosimama kama paa. Amelilima kwa jembe mpaka bega la kulia likagoma. Sasa hata shati anavalishwa na mkewe. Malipo ya jengo lake la mwisho ndiyo hiyo milioni nne na nusu. Laki tano iko kwa Kamisheni tangu Jumatatu. Iliyobaki muuzaji anaitaka leo, kabla ya saa sita mchana.

— Mteremko unataka uzito, alisema Nati. Jaza maji kwenye tairi. Trekta litatulia kama mama mkwe kwenye kochi.

— Na tairi ikitoboka?

— Utakuwa umemwagilia.

Breki alitikisa kichwa.

— Mlima haupandwi kwa mbele. Unapanda kinyumenyume, ili wakati wa kushuka uwe unauona.

— Na jembe liko nyuma. Litalimaje?

— Litazoea.

— Mnamchosha mzee bure, alisema Kamisheni. Anakatisha shamba kwa upande. Zile tairi za upande wa juu anatoa, anafunga ndogo. Trekta linakaa sawasawa, utadhani liko sebuleni.

Mwashi, mtu aliyeishi kwa pimamaji, alilipenda hilo neno sawasawa. Alichora trekta kichwani, akaliona limenyooka. Kisha akaliona limefika mwisho wa shamba.

— Wakati wa kurudi je? Si tairi ndogo zitakuwa upande wa chini?

— Ndiyo maana unanunua mawili, mzee wangu. Moja la kwenda, moja la kurudi. Kwa mawili naweza kuongea na muuzaji.

Hakuna aliyecheka. Nati alianza kukadiria nafasi ya kuegesha. Breki alitaka kujua la kwenda likishafika litarudije, akajibiwa asiharakishe mambo.

Mwanamke mmoja mwenye buti za mpira, mgeni pale, alikuwa pembeni akipuliza kahawa yake.

— Samahanini, wazee. Huko juu kabisa, trekta litageuzia wapi?

Mwashi alifungua mdomo kumjibu, maana shamba lile analijua hatua kwa hatua. Juu kuna ukuta wa jirani. Yeye ndiye aliyeujenga. Kutoka ukutani mpaka tuta la mwisho, hatua mbili. Trekta alilolikalia juzi kwa muuzaji lilikuwa hatua tatu, bila jembe. Alimgeukia dalali.

Nati alimtazama Breki. Breki alitazama birika.

— Kamisheni, alisema Mwashi. Jumatatu uliniambia umeshapima kwangu.

— Nilipima, mzee wangu.

— Ulikuja lini?

— Nilipima kwenye picha. Ile aliyonitumia binti yako.

— Ile ameipiga akiwa juu ya paa.

— Ndiyo hiyo. Imetoka vizuri, shamba lote linaonekana tambarare.

Mwashi alitua kikombe ubaoni, taratibu, kisha akanyoosha kiganja.

— Laki tano yangu.

— Sasa mzee wangu, arbuni unajua ilivyo, ikishafika kwa...

— Sikukuuliza ilivyo. Laki tano yangu, hapa, sasa hivi.