Unyenyekevu Ulioninyima Chuo

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, hata kwa yale tunayoona haya kuyatamka. Kosa ninalolitaja leo tumelivika vazi la fadhila: ni unyenyekevu wa uongo, ule unaoficha kazi ya Mungu na kujiita upole.

Nilikuwa katibu wa chama cha wakulima wa kahawa huku Maguu. Nilitamani kusoma shahada ya uzamili ya biashara katika chuo kikubwa cha nje, kisha nirudi tuuze kahawa yetu bila kupunjwa. Chuo hicho hakiridhiki na alama za mtihani pekee. Humwita mwombaji kwenye usaili na kumuuliza aliongoza nini, akaamua nini, kikatokea nini.

Niliulizwa, kwa njia ya video, jinsi chama kilivyoacha kupokea kahawa mbivu iliyochanganywa na mbichi. Ukweli ni kwamba niliamua mimi. Nilisimama penye mizani nikawarudisha wazee na ndoo zao, hata mmoja akaniuliza kama mume wangu anajua kwamba nimekuwa bwana shamba. Lakini kwetu Umatengo anayejitaja huonekana ana kiburi. Nikajibu kwamba wazee walielewana, nasi tukafuata. Msaili akauliza tena, taratibu, nikarudia yaleyale. Nikakosa nafasi, na pamoja nayo ufadhili ambao bila huo nisingesoma kamwe.

Ndugu zangu, niliumia. Niliacha kwenda kusali jumuiya. Nilimnung'unikia Mungu kwamba anawapendelea wenye maneno mengi.

Msimu wa ngolo ukafika, yale mashimo yetu ya mteremkoni yanayozuia mvua isibebe udongo. Mama mkwe wangu, miguu imemvimba, alikaa ukingoni akinitazama nikichimba na kufukia majani. Akauliza nani kachimba shimo zuri namna ile.

"Tumechimba wote, mama."

"Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi. Wote gani, wewe na mbuzi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliushika mkono wangu wenye udongo.

"Mwanangu, mikono hii kakupa Mungu. Akikuuliza imefanya nini, utamwambia ni ya jirani?"

Nililia palepale shambani, na kinyongo changu kwa Mungu kikaisha.

Niliomba tena nafasi chuoni. Safari hii kwenye usaili nilisema bila kujikweza: niliamua mimi, niliogopa, nilikosea kutowaeleza wazee mapema, nao baadaye wakaniunga mkono. Nikapokelewa, na ufadhili nikapewa. Darasani mwalimu hakutuhutubia. Alileta mkasa wa kampuni yenye shida, akamwita mmoja kwa jina aseme angeamua nini, na aliyenyamaza alipoteza alama. Aliponiita mimi, ndugu zangu, nilikuwa na sauti.

Nawe unayejiandaa kuomba chuo, mtumaini Bwana, useme kweli yote, yako na ya wenzako. Atukuzwe Mungu aliyenifungua kinywa, na abarikiwe yule aliyemtuma kwangu, mama mkwe wangu, Kolasta Ndunguru.